Sheria Iliyochelewa Kihansi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Watanzania wa mijini walizoea mishumaa. Ukame ulipoingia na maji ya bwawa la umeme la Mtera kushuka, mgawo wa umeme ulifuata nyuma yake. Viwanda vikasimama, saluni zikafungwa mchana, nyama ikaharibika kwenye majokofu. Anayesimulia habari za Kihansi bila kuanzia hapo anawaonea waliojenga mradi wa umeme wa huko. Umeme ulihitajika kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu funzo la Kihansi huharibika mara tu linapogeuzwa kuwa hadithi ya watu wabaya. Kulikuwa na shida ya kweli, mto wenye nguvu, fedha za wahisani, wataalamu wenye nia njema, na pengo kwenye sheria. Pengo hilo ndilo lililoua.

Mto Kihansi huanzia nyanda za juu za Udzungwa, upande wa Iringa. Kabla ya kufika bonde la Kilombero huporomoka zaidi ya mita 800 katika mwendo wa kilomita chache tu. Kwa mhandisi wa umeme, mporomoko wa namna hiyo ni hazina. Hana haja ya kuzamisha bonde zima: anajenga ukuta wa wastani juu ya maporomoko, anayaingiza maji kwenye handaki lililochimbwa ndani ya mlima, yanashuka kwa nguvu zote hadi kwenye mitambo, kisha yanarudishwa mtoni kule chini. Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1990 kwa fedha za Benki ya Dunia, Norway, Sweden, Ujerumani na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Mitambo mitatu, jumla ya megawati 180. Kwa nchi iliyokuwa ikihesabu megawati kwa vidole, hilo lilikuwa fungu kubwa. Na kwa kuwa bwawa lake ni dogo, mradi ulionekana mpole kwa mazingira kuliko yote iliyoutangulia.

Ila kati ya pale maji yanapoingia handakini na pale yanaporudi mtoni kuna korongo. Maji yakipita ndani ya mlima hayapiti tena korongoni. Kwenye michoro, sehemu hiyo ilikuwa mstari tu wa mto unaopungukiwa maji. Korongo lenyewe ni la miamba na mteremko mkali, halifikiki kirahisi, na tathmini ya awali ya mazingira haikulichunguza ipasavyo. Uchunguzi wa kina ulikuja ujenzi ukiwa umekwisha kuanza. Desemba 1996, watafiti wakakuta humo kiumbe ambaye sayansi haikuwahi kumwandika.

Inafaa nisimame hapa kidogo, kwa sababu wengi wamesikia habari za vyura wa Kihansi kama kichekesho cha kijiweni, na hawajawahi kuelezwa ni chura gani huyo.

Maji ya Kihansi yalipokuwa yakijipiga kwenye miamba, usiku na mchana, masika na kiangazi, yalirusha manyunyu yasiyokatika. Pembeni mwa maporomoko kulikuwa na vipande vya ardhi visivyo na miti, vimefunikwa mimea mifupi mororo, imelowa mwaka mzima. Ukivijumlisha vipande hivyo vyote unapata kama hekta mbili. Humo, na si mahali pengine popote duniani, ndimo alimoishi chura huyo. Rangi yake ni manjano ya dhahabu. Jike aliyekomaa hafiki sentimita tatu. Dume ni mdogo zaidi. Ngozi ya tumbo ni nyembamba kiasi kwamba ukimgeuza unaona viungo vya ndani, na jike akiwa na mimba unawaona watoto wakiwa bado tumboni. Kwani chura huyu hatagi mayai majini kama wale tunaowasikia madimbwini mvua zikinyesha, wala hana kiluwiluwi wa kuogelea. Watoto wake huzaliwa wakiwa vyura kamili, wenye miguu yote minne, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Matundu ya pua yake yana vikunjo vya ngozi vya kuyakinga. Kila kitu mwilini mwake kimeumbwa kwa ajili ya kuishi ndani ya rasharasha. Wataalamu walimpa jina Nectophrynoides asperginis. Walikuwepo kwa maelfu, wamesongamana katika eneo ambalo mkulima wa Kilombero angeweza kulilima mpunga msimu mmoja bila kuajiri kibarua.

Sasa tazama sheria ilikuwa wapi siku alipogunduliwa.

Tangu mwaka 1975, jenasi yote ya vyura hao, Nectophrynoides, imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha ulinzi katika mkataba huo, na Tanzania ilijiunga nao mwaka 1979. Yaani kabla hata hajajulikana, chura wa Kihansi alikuwa amekwisha kulindwa. Mtu angemtia chura mmoja kwenye kiberiti na kumvusha mpaka bila kibali, angekuwa mhalifu. Lakini kumwondolea maji yote anayoishi humo hakukuwa kosa mbele ya sheria yoyote yenye meno. Sheria ya kuzuia biashara ilimlinda na mkono wa mfanyabiashara, na hakuna mfanyabiashara aliyemhitaji. Kilichomjia kilikuwa mlango wa chuma unaofungwa mtoni.

Zilikuwepo sheria nyingine. Machi 1996 Tanzania iliridhia Mkataba wa Bioanuwai, unaozitaka nchi wanachama kutathmini athari za miradi kwa viumbe na makazi yao. Ila mkataba bila sheria ya nyumbani inayomfunga mtu ni ahadi tu. Baraza la taifa la mazingira, NEMC, lilikuwa limeundwa kwa sheria ya mwaka 1983. Kazi yake ilikuwa kushauri. Sheria ya maji ya mwaka 1974 iligawa maji kwa watumiaji: mkulima, kiwanda, shirika la umeme. Mto wenyewe haukuwekewa fungu. Hapakuwa na sheria iliyosema kwamba bila tathmini kamili jembe la kwanza lisiinuliwe. Kwa hiyo watafiti walipopanda na habari yao ya Desemba 1996, hawakukuta mlango wa kisheria wa kubisha. Walikuta handaki linachimbwa na tarehe za wahisani zinakimbia.

Mwishoni mwa 1999 na kuingia 2000, maji yakageuzwa. Korongo likapoteza takribani asilimia 90 ya maji yake. Maji yanapopungua kwa kiasi hicho, maporomoko hayarushi tena manyunyu. Yanatiririka tu ukutani mwa jabali. Vipande vile vya ardhi vikaanza kukauka. Mimea ya sehemu kavu ikasogea, na siafu, ambao hawakuwahi kupenya kwenye ardhi iliyolowa vile, wakapata njia.

Hapo ndipo mbio zilipoanza, na ningependa kila anayeandika bajeti ya mradi azisome mbio hizo hatua kwa hatua. Mwishoni mwa mwaka 2000, vyura 499 walikamatwa na kupelekwa Marekani, kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, kisha wakagawiwa bustani nyingine. Korongoni yakafungwa mabomba yenye vichwa vidogo vya kunyunyizia, yanayolishwa maji kwa mteremko, ili yafanye kazi ambayo mto ulikuwa ukiifanya bila malipo. Ukaanzishwa mradi mpya, kwa mkopo mpya, wa kusimamia mazingira ya Kihansi. Watu walilazimika kulinda mabomba, kuzibua vichwa vilivyoziba, kung'oa magugu, kuhesabu vyura.

Kwa muda ilionekana imefaulu. Katikati ya mwaka 2003, hesabu ilionyesha takribani vyura 20,000 korongoni. Januari 2004 walioonekana walikuwa wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Miezi saba tu! Ugonjwa wa kuvu uitwao kitridi, ambao umewaua vyura katika mabara mengi, uligundulika humo mwaka huohuo wa 2003. Wengine wakataja maji yenye tope yaliyofunguliwa kutoka bwawani kipindi hichohicho, na udhaifu wa mabomba. Wanasayansi bado wanajadili kila sababu ilichangia kiasi gani. Mimi naona jambo moja ambalo mjadala huo hauligusi. Kiumbe aliyebakiwa na hekta mbili zinazotegemea vichwa vya mabomba hana akiba. Ugonjwa ukija hana korongo la pili la kukimbilia, na maji yakichafuka hana manyunyu mengine.

Kule Marekani nako hali ilikuwa ngumu. Hakuna aliyewahi kumfuga chura huyu. Walikufa kwa magonjwa na kwa lishe isiyowafaa, hadi wote waliosalia duniani, katika vioo vyao, wakawa chini ya mia moja. Ni bustani mbili tu, Bronx na Toledo, zilizoweza kuwashikilia hadi wakaanza kuzaana vizuri. Mwaka 2009 shirika la IUCN lilitangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini. Miaka 13 tangu agunduliwe.

Agosti 2010, vyura 100 walirudi nyumbani kwa ndege na kuwekwa kwenye maabara maalumu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2012 wengine zaidi ya 2,000 wakaachiwa korongoni, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kwa chura yeyote aliyekwisha kutoweka porini. Waliofanya kazi hiyo, Watanzania na wenzao wa nje, wanastahili heshima kubwa. Lakini hebu tusidanganyane kuhusu walichokirudisha. Wamerudisha vyura kwenye korongo lenye maji pungufu, lililowahi kuingiwa na kuvu, linaloendeshwa kwa mabomba na mishahara. Siku mabomba yakikosa wa kuyatunza, hesabu itaanza upya.

“Vyura au watu?” Swali hili nimelisikia mara nyingi, na si swali la kipuuzi. Anayeliuliza huwa anawaza zahanati isiyo na dawa na shule isiyo na madawati, halafu anasikia mabilioni yametumika kwa vyura wasiozidi ukubwa wa kidole gumba. Hasira yake naielewa. Ninachomwomba ni aielekeze panapostahili. Mabilioni yale hayakutumika kwa sababu sheria iliwapendelea vyura. Yalitumika kwa sababu sheria haikuwepo wakati ambapo kuwalinda kungegharimu kidogo. Kama watafiti wangetumwa korongoni kabla mchoro haujakamilika, mhandisi angeambiwa mapema: acha kiasi hiki cha maji kipite, weka njia ya kukipitisha, punguza mategemeo ya umeme kwa kiasi hicho, kisha endelea. Mitambo ingejengwa. Taa zingewaka. Hata leo lipo sharti la kuacha sehemu ya maji ipite korongoni. Tofauti ni kwamba sharti hilo lilipatikana kwa majadiliano baada ya mkataba wa ujenzi, baada ya turubini kununuliwa, wakati kila lita inayoachwa inaonekana ni hasara kwa shirika la umeme. Maji yakimwagika hayazoleki, na ya Kihansi yalimwagika kwa mahesabu ya kihandisi, mchana kweupe.

Na chura hakuwa peke yake. Mwaka 2004 wataalamu wa mimea walieleza aina mpya ya mbuni mwitu kutoka korongo hilohilo, Coffea kihansiensis. Tafakari hilo ukiwa Mbinga, Rombo au Karagwe, ambako ada za watoto zinatoka kwenye buni. Mbuni mwitu ndio ghala la damu ya mibuni yetu. Humo hutafutwa uwezo wa kustahimili ukame na magonjwa siku mibuni ya shambani inapozidiwa. Siku maji yanageuzwa, mbuni huo ulikuwa bado haujaandikwa na sayansi. Sheria inayolinda makazi humlinda pia asiyejulikana bado, ndiyo maana naipa uzito kuliko orodha yoyote ya majina ya wanyama. Orodha humlinda aliyekwisha kuandikwa. Makazi huwalinda wote waliomo.

Mwaka 2004, wakati wahesabuji wakirudi kutoka korongoni mikono mitupu, Bunge lilipitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Kihansi ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyoisukuma. Mradi ule wa kusimamia mazingira ya Kihansi ulisaidia pia kuandaa mfumo mpya wa sheria na kuijengea NEMC uwezo. Sheria hiyo inasema tathmini ya athari kwa mazingira, ile tunayoiita TAM, itangulie mradi. Inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inampa haki ya kwenda mahakamani kuidai. Mwaka 2009 ikaja sheria mpya ya rasilimali za maji, inayotambua kwamba baada ya mahitaji ya msingi ya binadamu, mto nao una fungu lake la maji. Kwa chura wa Kihansi zilikuja baada ya mazishi. Kwa wengine sheria iliwahi.

Mfano wa waliowahiwa na sheria, ingawa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na si hizo mbili, uko Serengeti. Mwaka 2010 ulikuwepo mpango wa barabara ya kukatiza kaskazini mwa hifadhi hiyo, kwenye njia ambayo nyumbu zaidi ya milioni moja huipita kila mwaka kwenda na kurudi Maasai Mara. Watu wa Mugumu na Loliondo walikuwa na haki ya kudai barabara. Mgonjwa anayesafirishwa kwenye vumbi kwa saa nane si hadithi. Lakini safari hii palikuwa na mlango wa kubisha. Shirika la Kenya, Africa Network for Animal Welfare, lilifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, likitumia Mkataba wa Jumuiya ambao unazitaka nchi wanachama kulinda mazingira wanayoyashiriki. Mwaka 2011 serikali ikaiandikia UNESCO kwamba kipande cha ndani ya hifadhi kitabaki cha changarawe. Juni 2014 mahakama ikaizuia serikali kujenga barabara ya lami kukatiza humo, na mwaka 2015 kitengo cha rufaa hakikuutengua msimamo huo. Njia ya kuzunguka kusini mwa hifadhi ikaendelea kujadiliwa, na barabara za lami za kuzifikia wilaya zile kwa pande nyingine hazikukatazwa na mtu.

Ona tofauti ilipo. Wanasheria wa Arusha hawakuwa na mapenzi zaidi ya wanyama kuliko watafiti wa Kihansi. Walikuwa na kifungu cha sheria, na walikuwa nacho barabara ikiwa bado kwenye karatasi.

Ndiyo maana huwa nashtuka ninaposikia, katika mikutano ya uwekezaji, mtu mzima akisema kwamba taratibu za mazingira zinachelewesha maendeleo, kwamba miradi mikubwa ipewe njia ya mkato, kwamba TAM inaweza kumaliziwa ujenzi ukiendelea. Kihansi ndivyo ilivyokuwa hasa: uchunguzi ukiendelea na ujenzi ukiendelea, bega kwa bega, hadi ujenzi ukashinda. Nakubali kwamba zipo TAM zinazokaa mezani miezi bila sababu, na zipo ripoti zinazoandikwa kwa mazoea, ambazo ukibadilisha jina la kijiji zinaufaa mradi wowote. Hilo litibiwe kwa kuajiri wakaguzi wa kutosha na kumfutia usajili mtaalamu anayenakili. Kuifungua sheria yenyewe kwa sababu wanaoisimamia ni wachache ni kumwadhibu mwenye nyumba kwa uzembe wa mlinzi.

Sheria hii ina mahali inapomhitaji mwananchi wa kawaida, na wengi hatupajui. Mradi mkubwa unapopendekezwa, tangazo linapaswa kubandikwa, maoni kupokelewa, na panapohitajika mkutano wa hadhara kuitishwa. Tangazo likifika ofisi ya kijiji au ya kata, nenda ukalisome, na mkutano ukiitishwa usimwachie diwani peke yake. Uliza maji yatatoka wapi na yatabaki kiasi gani mtoni kiangazi kikiwa kikali. Uliza nani atakipima kiasi hicho, mara ngapi, na vipimo vitabandikwa wapi. Uliza uchunguzi wa wanyama na mimea ulifanyika masika au kiangazi, maana mtafiti wa Agosti hatamwona kiumbe wa masika. Dai kwamba yote yaliyokubaliwa yaandikwe kama masharti kwenye cheti cha mazingira, ambacho mahakama inaweza kukisoma. Halafu mwombe mtaalamu aliyeleta ripoti atandaze ramani mezani na kuonyesha kwa kidole sehemu ambazo watafiti wake hawakufika.